Andika Muranga, Pata Murang'a: Namna ya Kurekebisha Utafutaji wa Mtandaoni Kwenye Maktaba ya Chuo

Jumatatu moja, wiki ya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, msichana wa mwaka wa nne alinijia kwenye dawati la maulizo akaninyoshea simu yake. "Madam, nimetafuta tangu asubuhi. Maktaba yenu haina kitu." Kwenye kisanduku alikuwa ameandika "coffee farmers muranga", na katalogi ikamjibu kwa mstari mmoja kwamba hakuna kilichopatikana. Nikampandisha hadi orofa ya tatu, penye rafu za tasnifu. Hata pumzi za ngazi hazijatulia, alikuwa ameshika tasnifu tatu za wakulima wa kahawa, zote za Murang'a, zote zenye rekodi kamili kwenye katalogi ileile iliyomnyima.

Kilichomkosesha ni apostrofi.

Mwongozo huu ni wa wakutubi wenzangu wa vyuo vya hapa Nairobi, hasa wanaotumia Koha, ile programu ya bure ya kuendesha katalogi ya maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Anayetumia VuFind au mfumo wa kulipia atakuta majina ya vitufe ni tofauti, kazi ni ileile. Kabla hujaandika barua ya kuomba bajeti ya mfumo mpya, fanya haya kwanza. Nimeona mfumo wa bei ghali ukiwekwa juu ya rekodi zilezile mbovu, na wanafunzi wakaendelea kukosa vitabu vilevile, safari hii kwenye ukurasa wenye rangi nzuri.

Hatua ya 1: Soma wanachoandika

Usianze na kikao. Kwenye kikao kila mtu ataeleza anavyodhani wanafunzi wanatafuta, na mwenye cheo kikubwa ndiye atakayeandikwa kwenye kumbukumbu. Anza na seva. Kila utafutaji kwenye Koha huacha anwani yenye opac-search.pl, na ndani yake herufi q ikifuatwa na kile alichoandika mtu. Mwombe kijana wa ICT akutolee mistari hiyo ya wiki mbili: moja ya kipindi cha CAT (majaribio ya katikati ya muhula), nyingine ya mapendekezo ya utafiti, kwa sababu maneno yake hayafanani hata kidogo. Ukiona %27 katikati ya neno usishtuke, ndivyo anwani za mtandao zinavyoandika apostrofi. Aondoe namba za kompyuta na majina ya watumiaji kabla ya kukukabidhi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatuhusu hata sisi wa maktaba, na kujua ni nani aliyetafuta habari za ugonjwa fulani si kazi yako.

Panga maneno kwenye Excel kwa wingi wa kurudiwa. Chukua mia moja ya juu, keti, uyaandike moja moja kwenye katalogi kwa mkono wako mwenyewe. Kando ya kila neno weka alama: limepatikana, halikupatikana, au limeleta takataka. Itakula asubuhi nzima na vikombe viwili vya chai. Utakutana na misimbo ya kozi, na maswali mazima ya assignment yaliyobandikwa pamoja na alama zake za kuuliza. Utakutana na "past papers" kila mahali. Kama mitihani ya zamani haimo kwenye katalogi yenu, weka kiungo chake juu kabisa ya ukurasa leo hii, usingoje hatua ya pili.

Yale maneno yaliyoambulia patupu yatenge. Ndiyo utakayoyafanyia kazi kuanzia hapa.

Hatua ya 2: Apostrofi, tilde na vistari

Hapa nitakaa sana, maana ndipo panapoumiza na ndipo panaporekebishika kwa siku chache.

Programu hizi zilitengenezwa na watu ambao lugha yao haiandiki ng'. Kwao apostrofi ni ya kufupisha neno au kuonyesha mwenye kitu. Kwa hiyo mipangilio mingine huifanya mpaka: ng'ombe hukatwa vipande viwili, ng na ombe, kila kimoja kikaingia peke yake kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo programu huipekua mtu anapotafuta. Mingine huiacha ndani ya neno, na hapo anayeandika ngombe bila apostrofi hapati kitu. Mwanafunzi aliyebanwa kwenye matatu ya Thika Road, mkono mmoja kwenye chuma na kidole gumba cha mkono wa pili kwenye simu, hataandika apostrofi. Tusimtarajie.

Tena apostrofi zenyewe si moja. Kuna ile iliyonyooka ya kibodi, kuna iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, na kuna ya tatu ambayo rekodi za Library of Congress huihesabu kama herufi. Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ni vitu vitatu. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o lina mitego yote kwa pamoja: tilde mbili (ile alama ya wimbi juu ya ũ na ĩ), apostrofi, na juu ya hayo vitabu vyake vya kwanza, vya miaka ya 1960, vilitoka kwa jina la James Ngugi. Ile ũ nayo yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama u ya kawaida ikifuatwa na tilde inayopandishwa juu yake. Nilipochungulia orodha ya waandishi kwenye katalogi yetu, nilimkuta mzee huyo amegawanyika kuwa waandishi watano, kila mmoja na vitabu vyake.

Tengeneza orodha ya maneno ya majaribio, kama thelathini hivi, mengi yatoke kwenye yale uliyoyatenga. Yangu yalianza na Murang'a, ng'ombe, Ng'ang'a, Gĩkũyũ, Ngũgĩ wa Thiong'o na M-Pesa. Jaribu kila neno kwa namna zote ambazo mtu wa kawaida angeliandika, na unakili idadi ya matokeo ya kila namna. Ukiandika muranga ukapata 4 na Murang'a ukapata 61, umeshaupata ugonjwa.

Kisha muulize anayesimamia seva kama Koha yenu inatumia Zebra au Elasticsearch, zile injini mbili za utafutaji. Kwenye Zebra kuna njia mbili za kusoma herufi, CHR na ICU. Mkiwa bado kwenye CHR, hamieni ICU, halafu ongezeni kanuni ya kufuta apostrofi zote tatu kabla neno halijakatwa. Kwenye Elasticsearch, tilde hushughulikiwa na programu-jalizi ya ICU, lakini kwa apostrofi itabidi muongeze kichujio cha kuifuta. Mkuu wa idara akiwa na wasiwasi kwamba mnaharibu tahajia, mweleze kwamba kinachofutwa kinafutwa kwenye faharasa tu. Rekodi inabaki na Murang'a yake sahihi, na mwanafunzi ataiona hivyo kwenye skrini.

Kistari usikifute ovyo. M-Pesa isubiri hatua inayofuata.

Jaribuni yote haya kwenye seva ya majaribio, kisha mjenge faharasa upya Ijumaa usiku. Mimi niliwahi kuijenga Jumanne saa tano asubuhi. Sitasimulia.

Hatua ya 3: Maneno yetu hubadilika mwanzoni

Koha ina mpangilio uitwao QueryStemming. Hukata miisho ya maneno ili farming na farms yakutane kwenye farm. Kwa Kiingereza unasaidia. Kwa Kiswahili haufui dafu, kwa sababu sisi tunabadilisha mbele: mwalimu, walimu, ualimu. Hata ile nyota tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza haisaidii. Mwalimu* haitakuletea walimu hata ukikesha. Na ukiihamishia mbele, *limu, utapata walimu pamoja na kila kitu chenye neno elimu, jambo ambalo kwenye chuo chenye kitivo cha elimu ni mafuriko.

Dawa ni orodha ya maneno yanayokwenda pamoja. VuFind, kupitia injini yake ya Solr, ina faili la synonyms.txt, Elasticsearch nayo ina kichujio cha namna hiyo. Kila kundi mstari wake:

mwalimu, walimu, ualimu
shairi, mashairi, ushairi
ugonjwa, magonjwa
mwanamke, wanawake
mpesa, m-pesa, m pesa

Anza na makundi hamsini, usilenge kamusi nzima. Idara ya Kiswahili ina wanafunzi wa uzamili wanaozijua ngeli kuliko mimi na wewe. Wapelekee yale maneno yaliyokosa, watakurudishia makundi mazuri ndani ya wiki. Ila usiunganishe maneno kwa sababu maana zimekaribiana. Niliwahi kuweka kilimo na ufugaji kwenye mstari mmoja kwa nia njema kabisa. Mhadhiri mmoja wa mifugo alikuja mwenyewe kuniuliza kwa nini kila akitafuta ufugaji anapewa mihogo.

Mkiwa kwenye Zebra, faili la namna hiyo hakuna. Maneno ya ziada mtayaweka ndani ya rekodi zenyewe, kwenye uga 653, ile sehemu ya rekodi ya maneno huru. Ni kazi ya polepole, na kwa maoni yangu ndiyo sababu tosha ya kuhamia Elasticsearch kama seva yenu ina kumbukumbu ya kutosha.

Mkiwa hapo hapo, angalieni msimbo wa lugha. Kiswahili ni swa, lakini wengi wetu huingiza kitabu kipya kwa kunakili kiolezo chenye eng, tukasahau kubadilisha. Matokeo yake, mwanafunzi akibofya kichujio cha lugha ya Kiswahili, nusu ya rafu inatoweka. Toa ripoti ya vitabu vyote vya 896.392 kwa Dewey, au PL8704 kwa mpangilio wa Library of Congress, ambavyo msimbo wake ni eng. Vipitie kimoja kimoja. Vingine ni uhakiki ulioandikwa kwa Kiingereza kweli, kwa hiyo usivibadilishe kwa mkupuo.

Hatua ya 4: Mahindi, wilaya na kaunti

Vichwa vya mada tumevinakili kutoka Library of Congress, na huko mahindi ni Corn. Mwanafunzi wa kilimo wa Kenya ataandika maize. Wenyewe walishalitatua jambo hili: rekodi ya udhibiti ya Corn, yaani ile inayoweka jina rasmi na majina yake mengine, ina rejeo linalomwelekeza anayetafuta Maize. Sisi tulinakili rekodi za vitabu tukaziacha rekodi za udhibiti kule kule. Pakua zile za mada zenu kuu, ziunganishe na vitabu, kisha washa mpangilio wa IncludeSeeFromInSearches na ujenge faharasa upya. Kuanzia hapo anayeandika maize ataletewa Corn bila kujua kwamba kuna neno kama hilo. Yule Ngũgĩ aliyegawanyika mara tano utamwunganisha kwa njia hiyohiyo, na James Ngugi akawa rejeo.

Mahali kuna kisa chake. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Tasnifu za kabla ya hapo zinataja wilaya na mikoa. Mwanafunzi wa leo, aliyekuwa mtoto Katiba ilipokuja, ataandika Kiambu County, na hataiona tasnifu ya Thika District ingawa Thika iko Kiambu. Jina la tasnifu usiliguse, hilo ni la mwandishi. Ongeza uga 651 wenye jina la kaunti. Koha ina violezo vya kubadilisha rekodi nyingi kwa pamoja: pakua nakala ya rekodi zote kwanza, kisha anza na wilaya moja, rekodi hamsini, uangalie zimekaaje kabla ya kuendelea. Mikoa isubiri mtu mwenye subira. Nyanza ni kaunti sita, na huwezi kuzibandika zote kwenye tasnifu iliyohusu shule za Kisumu peke yake. Hapo ni kusoma muhtasari.

Hatua ya 5: Tasnifu zilizolala

Tasnifu za vyuo vyetu hupenda kuanza na "Factors influencing". Ukitafuta kwa jina unapata ukuta wa majina yanayofanana. Kinachozitofautisha ni muhtasari, kwa hiyo kama rekodi zenu hazina uga 520, hiyo ndiyo kazi ya kuwapa vijana wa attachment muhula huu: nakili muhtasari, bandika, hifadhi.

Kwenye hifadhi ya kidijitali, ambayo kwa wengi wetu ni DSpace, fungua PDF kumi za zamani ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, ile ni picha ya karatasi, na hakuna programu ya kutafuta itakayosoma ndani yake. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili. Iendeshe ikiwa na eng na swa pamoja, usiku, tasnifu mia kwa mkupuo. Kurasa zilizopigwa chapa kwa taipu miaka ya 1970 zitatoka na makosa mengi. Ziache, muhtasari safi utatosha.

Angalia pia uzito wa faili. Google Scholar haiingizi PDF inayozidi MB 5, na tasnifu iliyoskaniwa kwa rangi hufika MB 80 bila jasho. Punguza picha, kata viambatisho viwe faili la pili. Najua baadhi ya wakuu wa maktaba huona Google Scholar kama mshindani. Mwanafunzi anaanzia huko, utake usitake. Afadhali akute tasnifu ya chuo chake. Na Google Scholar yenyewe ina mpango wa viungo vya maktaba: ukijiandikisha, mwanafunzi aliyechagua chuo chenu ataona kando ya makala kiungo cha kumleta kwenye nakala mliyolipia.

Hatua ya 6: Viungo vya majarida

Hii ni fupi. Majarida mnayoyapata kupitia KLISC, ushirika wa maktaba za Kenya, hubadilika kila usajili unapohuishwa. Kila Januari linganisha orodha mliyolipia na ile iliyowashwa kwenye mfumo. Zima msiyokuwa nayo, maana kiungo kinachomfikisha mwanafunzi kwenye ukurasa wa kudai dola humkatisha tamaa kuliko kutokuwa na kiungo. Kisha toka nje ya chuo. Keti kwenye ngazi za jengo lolote mjini, zima Wi-Fi, tumia bando lako na simu ya kawaida, ufungue makala ishirini. Ndani ya maktaba kila kitu hufanya kazi kwa sababu mtandao wa chuo unatambulika. Matatizo yote yako ng'ambo ya geti. Hesabu mara ngapi uliulizwa nenosiri. Ikizidi moja kwa makala moja, peleka picha za skrini kwa ICT.

Hatua ya 7: Ukurasa wa patupu, na wanafunzi watano

Hata baada ya haya yote, kuna watakaokosa. Ule mstari wa "hakuna kilichopatikana" ubadilishe. Wetu sasa unasema: "Hatujapata. Jaribu neno moja au mawili tu, au jina la mwandishi peke yake. Bado? Tuandikie hapa, tutakutafutia." Chini yake kuna kitufe cha WhatsApp ya dawati, kinachojibiwa saa za kazi. Weka saa hizo wazi, la sivyo utaulizwa saa sita usiku kwa nini uko kimya.

Sasa ita wanafunzi watano. Jakob Nielsen alieleza tangu mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kufichua matatizo mengi ya ukurasa, na uzoefu wangu haumpingi. Wachanganye: wa mwaka wa kwanza, wa jioni anayetoka kazini, wa uzamili, mmoja anayesoma kwa masafa. Watumie simu zao wenyewe, si kompyuta yako. Wape kazi tatu za kweli, kama "tafuta tasnifu kuhusu maziwa Nyandarua iliyoandikwa baada ya 2015", kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kijana mmoja alitafuta kitufe cha vichujio kwa dakika nne huku mimi nakikodolea macho. Kwenye simu kilikuwa kimejificha chini kabisa ya matokeo, kurasa tatu za kusogeza. Nilijikaza nisimwonyeshe. Mwishowe akaniangalia akasema, "Madam, kwani kipo?" Tulikipandisha juu wiki hiyo hiyo. Baada ya zoezi wape chai na mandazi, na bando la siku kama bajeti inaruhusu.

Hatua ya 8: Ilinde kazi yako

Muhula ukiisha, rudia hatua ya kwanza, uone maneno mangapi ya ile mia bado yanakosa. Usitarajie sifuri.

Na ile orodha ya maneno thelathini iendeshe kila baada ya toleo jipya la programu kuwekwa. Nasema hivi kwa sababu sisi tulipopandisha Koha likizo ya Desemba, faili la mipangilio lilifutwa likarudishwa la asili, na hakuna aliyejua hadi Januari, nilipoandika muranga nikaletewa matokeo 4. Nakala ya faili hilo, pamoja na synonyms, sasa ziko nje ya seva, kwenye flashi iliyo droo ya kwanza ya dawati la maulizo, na nyingine kwa kijana wa ICT.